Mstari wa Kijani

Garland Peavy alilitua lile sanduku juu ya meza ya Kapteni Boatwright, akalipangusa kwa kiganja, akarudi nyuma na kukunja mikono. Hakuniangalia. Huyu ni bosi wangu, mtu niliyekula naye karanga za kuchemsha kutoka mfuko mmoja tukiwa tumening'iniza miguu juu ya kaunti nzima, na hakuniangalia hata kidogo. Nikajua nimeitwa kuchinjwa.

"Kijani," alisema. "Mwenye kijani yuko hapa. Mimi sina la kuongeza."

Ofisi ya zimamoto ya Lake Orrin ni ndogo, ina kiyoyozi kinachokoroma na viti vinne vya chuma. Kimoja alikikalia Lonnie Hutto, mwenzangu wa kamba, akichezea kofia yake. Kingine, cha dirishani, alikikalia kaka yangu Royce, askari wa zimamoto. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji mpaka viwikoni, vidole viwili tu vya mkono wa kulia vikiwa nje, vyekundu na vimevimba. Yeye ndiye sababu ya sisi wote kuwa pale. Na yeye pia hakuniangalia.

Ngoja niseme kijani ni nini, maana hasira yangu yote imekaa hapo. Sisi tunaopanda minara ya redio huku Florida ya kati tuna desturi yetu. Ukishaikaza nati kwa spana mpaka ikagoma, unatoa kalamu ya rangi na kuchora mstari mmoja, kutoka kwenye shina kuvuka mpaka juu ya nati. Nati ikija kulegea, mstari unakatika, na atakayefuata anaona kwa macho bila kugusa kitu. Kila mpandaji ana rangi yake. Ya Lonnie ni chungwa. Ya Peavy, enzi zile tumbo lake lilipokuwa bado linaingia kwenye mkanda, ilikuwa nyeupe. Yangu ni kijani. Wakaguzi walikuwa wakiona kijani wanaridhika, wanashuka kwenda kunywa chai ya barafu, na mimi nilijivunia hilo kuliko kitu chochote nilicho nacho.

Sanduku lenyewe ni la kukinga radi. Linakaa juu ya mnara, nje, juani na mvuani, na kazi yake ni kulipokea pigo la radi na kulisukumia ardhini kabla halijafika kwenye redio. Kebo zinaingia kwa chini, kila moja kupitia glandi yake, yaani shingo ya plastiki yenye mpira ndani na nati nje. Ukikaza nati, mpira unaibana kebo, na hapo upepo uvute utakavyo, kebo haitoki. Usipokaza, kebo nzima inaning'inia kwa vinyaya vyake vya ndani. Upepo unaitikisa leo, unaitikisa kesho, mpaka waya wa erthi, ule unaoipeleka radi ardhini, unachomoka. Radi ikija inakuta mlango wa kutokea umefungwa, inaingia sebuleni.

Ilikuja Julai, alasiri, saa ile ile inayokuja kila siku. Royce na mwenzake walikuwa ndani ya ghala la nyasi kavu lililokuwa linaungua kwa mfuga ng'ombe mmoja nje ya mji. Kapteni Marva Boatwright alikuwa nje, akaona paa linabonyea, akawaita kwenye redio watoke. Redio zilikuwa zimekufa zote, dakika hiyo hiyo. Paa likashuka. Royce akalizuia bati la moto kwa mikono yake mpaka mwenzake alipotambaa akatoka.

Nilikwenda kumwona hospitali Tampa. Walikuwa wameshamwambia lililoonekana juu ya mnara. Alisema maneno mawili tu, "Kijani, Del," akageuzia uso ukutani. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kufunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo hakuniambia neno, na mimi sikuwa nataka kitu kingine duniani isipokuwa kaka yangu aniangalie usoni tena.

"Mstari haujakatika," Peavy alikuwa anamwambia kapteni, akigonga glandi kwa kalamu. "Unaona? Maana yake haikulegea baadaye. Kebo ilichomoka kwa sababu ilikazwa hovyo tangu mwanzo. Del ni fundi mzuri, sikatai, lakini kila mtu ana siku yake mbaya."

"Sikuwapo siku sanduku lilipofungwa mnarani," nikasema. "Wiki nzima nilikuwa mnara wa Hatchee nabadilisha taa. Unajua, Garland. Wewe ndiye uliyenituma."

"Tulikuwa tunazunguka zunguka, kapteni. Huku siku moja, kule siku moja."

"Lonnie, waambie nilikuwa wapi."

Lonnie aliigeuza kofia yake, akaangalia ndani kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kitambaa. "Sikumbuki vizuri, Del. Kweli tulikuwa tunazunguka."

Hakumbuki! Mtu niliyemshika ukosi siku kiatu chake kilipoteleza kwenye baridi ya Januari, aliyelia kifuani kwangu mke wake alipoondoka, leo hakumbuki mimi nilikuwa mnara gani. Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema, ila kapteni aligonga meza.

"Humu ndani hapana, Del," alisema. Kapteni Boatwright ni mwanamke mfupi, mzito wa maneno, na tangu siku ya moto sauti yake ilikuwa bado imekwaruza. "Nilipiga kelele kwenye redio mpaka koo likaniuma. Nataka kujua kwa nini hakuna aliyenisikia. Sitaki kitu kingine."

"Kubali yaishe, Del," Peavy akasema kwa upole, upole wa kunitia kichefuchefu. "Usijitie aibu mbele ya kaka yako."

"Yaishe kwa nani? Kwake yeye mwenye mikono ile, au kwako?"

Nikainuka, nikalishika sanduku. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kushika kitu nisije nikamshika Peavy. Nikaligeuza glandi ziangalie sakafu, kama zinavyokaa likiwa mnarani. Hapo ndipo nilipoliona. Kwenye glandi ya pembeni rangi ilikuwa imezidi kidogo, ikatiririka kabla ya kukauka. Tone dogo la kijani. Na lilikuwa limetiririka kwenda juu.

Nikaangalia glandi ya pili. Juu. Ya tatu, juu.

"Kapteni, njoo uone. Rangi mbichi ikimwagika inakwenda wapi?"

"Chini."

"Mnarani glandi zinaangalia chini. Ukichora pale juu, rangi inateremka kwenye nati na kudondoka. Hii imetoka kwenye nati ikapanda kulifuata sanduku. Haya, nionyesheni mnara ambao rangi inapanda."

"Kalamu zinavuja," Peavy akasema. "Na kule juu kuna upepo, au umesahau?"

"Upepo gani huo unaosukuma matone yote upande mmoja, Garland? Upepo wako wewe? Sanduku hili lilichorwa likiwa kichwa chini miguu juu. Limepinduliwa kwenye benchi. Huku chini, yadini kwako."

Royce aligeuza kichwa. Hakuniangalia mimi, aliangalia sanduku. Lakini aligeuza.

Kapteni akamuuliza Peavy, "Masanduku ambayo hayajapandishwa mnarani yako wapi?"

"Yako yadini, yamefungwa kwenye makatoni. Lakini leo yadi haijafunguliwa, na funguo..."

"Utaifungua," alisema, akachukua kofia yake. "Na hili tunakwenda nalo."

Yadi ya Peavy iko nyuma ya kituo cha mafuta, uwanja wa changarawe wenye kontena mbili na benchi ndefu chini ya paa la bati. Jua lilikuwa tayari linachoma ingawa ilikuwa bado saa nne asubuhi. Nililiona lile benchi, nikaona mbao zake: zilikuwa zimejaa vidoa vya kijani. Miezi mingapi nimekula chakula changu pale pale, nikidhani ni rangi ya magari ya mkulima aliyekuwa akikodi uwanja zamani!

Sikusubiri ruhusa. Nikaburuta katoni la kwanza, nikalichana kwa kisu, nikatoa sanduku jipya, bado likiwa na harufu ya kiwanda. Halikuwa na kebo hata moja. Glandi zilikuwa tupu, unaweza kuona ndani kwa kuchungulia. Na juu ya kila nati kulikuwa na mstari wa kijani, umenyooka vizuri, mwandiko wa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Nikachana la pili. Hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo.

Kapteni Boatwright aliingiza kidole kwenye glandi tupu, kikatokea upande wa pili. "Hii imekaza nini?" aliuliza.

"Hewa," nikasema.

"Ni kuokoa muda tu!" Peavy alikuwa amepandisha sauti sasa. "Kule juu mtu ananing'inia, mkono mmoja, jua kali, anaanza kufungua vikalamu! Tunachora huku, tunakaza kule. Ubaya uko wapi?"

"Ukikaza, mstari unakatika, mjinga wewe! Ndiyo kazi ya mstari!"

"Unafuta, unachora tena! Na yaliyopanda yalikazwa yote, kwa spana, naapa mbele ya yeyote. Hili lililoungua lililegezwa na radi yenyewe. Radi inaweza kufanya chochote."

"Na kwa nini kijani?" nikamuuliza. "Mna chungwa, mna nyeupe. Kwa nini mlichukua rangi yangu?"

Nikanyoosha mkono kwenye sanduku lililoungua, tuliloliweka juu ya benchi, nimwonyeshe nati yake.

"Acha," Royce akasema.

Ilikuwa sauti yake ya kwanza siku ile. Alisogea, akasimama mbele ya benchi, akanyanyua ule mkono wa kulia taratibu, kwa maumivu ambayo yalionekana mpaka shingoni. Akaweka vile vidole viwili kwenye nati. Ngozi yake ilikuwa laini, mpya, ya kitoto.

Akazungusha. Nati ikazunguka, bila ubishi, bila kukwama, kwa nguvu ya vidole viwili vya mgonjwa. Mstari wa kijani ukakatika katikati. Akaweka vidole kwenye nati ya pili, nayo ikazunguka. Ya tatu, ikazunguka. Zote zilikuwa hivyo. Sanduku lile lilikuwa limeshushwa kutoka mnarani, likapigwa picha, likabebwa huku na huko, likawekwa mezani tukaligombania, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyegusa nati. Wote tuliona kijani, tukaamini imekazwa.

"Lonnie," Royce akasema bila kugeuka. "Ulimaliza wewe hili?"

Lonnie alikaa kwenye changarawe. "Nilikuwa nataka kukaza," alisema. "Nakuapia, Royce. Nilipandisha sanduku, nikapitisha kebo, mvua ikaanza kunguruma nikashuka. Kesho yake nikarudi. Nikaangalia, nikaona mstari. Nikajua nimeshakaza jana. Ukiona mstari unajua imekwisha, siku zote iko hivyo. Nikafunga kifuniko nikaenda zangu."

"Mstari uliouchora mwenyewe benchini," nikasema.

"Ndiyo."

"Ulijidanganya kwa mkono wako mwenyewe."

"Ndiyo, Del."

"Kwa kalamu yangu."

Alimwangalia Peavy, kisha akaangalia chini. "Bosi alisema wakaguzi wakiona chungwa wanavuta kebo moja moja. Wakiona kijani hawavuti."

Jina langu zuri ndilo lililomuunguza kaka yangu. Ningekuwa fundi wa hovyo, mkaguzi angevuta ile kebo, ingemtokea mkononi, na Royce angekuwa na mikono yake. Miaka yote ile ya kukaza mpaka kiganja kinatoka damu, ya kubaki nyuma wenzangu wakiwa wameshashuka, Garland Peavy aliichukua akaifanya blanketi la kufunikia uchafu wake. Halafu akaja kunishtaki kwa blanketi lile lile.

Nilikuwa nimeshaokota spana. Sikumbuki niliiokota saa ngapi. Peavy alirudi nyuma mpaka akagonga kontena.

"Del," kapteni aliita. "Weka chini. Huyu ni wangu." Akamgeukia Peavy, akanyoosha kiganja. "Funguo za yadi. Na hapa huondoki mpaka sherifu afike."

Nikadhani yamekwisha. Nikamgeukia Royce, nikisubiri. Nilitaka aseme pole, au dada, au chochote. Lakini alikuwa anaangalia angani upande wa ziwa, ambako wingu la kwanza lilikuwa limeanza kufura, jeupe bado, chini yake likianza kuwa jeusi.

"Mnara wa Sugar Road," alimwambia Lonnie. "Una masanduku haya?"

"Mawili."

"Rangi gani?"

Lonnie alinyooshea kidole vidoa vya benchini.

Kapteni alifumba macho. Tangu mnara wa kwanza uungue, redio zote za zimamoto ya kaunti zilikuwa zinapita Sugar Road. Sugar Road ilikuwa imebaki peke yake. Na radi huku haikosi miadi yake ya saa tisa.

"Nani anaweza kupanda sasa hivi?" aliuliza.

Hakuna anayepanda peke yake, hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza. Nilimwangalia Lonnie, bado amekaa kwenye changarawe. Hakukuwa na mwingine.

"Inuka," nikamwambia. "Vaa mkanda."

Sitasema kwamba nilimsamehe njiani. Nilimkagua mkanda wake kila kifungo kwa mikono yangu, nikavuta kila kamba mpaka akayumba, naye hakulalamika. Tukapanda. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, na katikati ya mnara niligundua kwamba nalia, si kwa huzuni bali kwa hasira, ile hasira inayokosa pa kutokea. Nilikuwa nimemfungia kamba ya uhai mtu niliyekuwa nataka kumsukuma.

Tulipofika juu, miwa ilikuwa chini yetu kila upande na wingu limeshafunika ziwa. Nikafungua sanduku la kwanza. Mistari ya kijani, mizuri, minyoofu. Nikashika kebo ya kwanza nikaivuta kidogo tu, kama unavyomvuta mtoto mkono mvuke barabara. Ikateleza ndani ya glandi bila kizuizi. Kule ndani waya wake wa erthi ulikuwa umebaki na uzi mmoja.

"Mungu wangu," Lonnie akasema. "Del, mimi..."

"Shika spana."

"Samahani, Del."

"Nimesema shika spana. Hiyo samahani yako haiingii kwenye glandi."

Tukafanya kazi. Nilirudisha kila waya mahali pake, nikarudisha kebo ndani, nikazibana moja moja kwenye nondo za mnara zisibebwe na glandi peke yake, Lonnie akakaza, na mimi nikakaza tena juu ya kukaza kwake mpaka spana ikagoma. Kisha nikamwaga mafuta ya kusafishia kwenye kitambaa nikafuta kijani chote. Nilifuta kwa chuki. Kitambaa kikawa cha kijani, vidole vyangu vikawa vya kijani, na glandi zikabaki nyeusi tupu. Tukahamia sanduku la pili tukafanya vilevile, huku ngurumo ya kwanza ikisikika mbali, upande wa magharibi.

Redio iliyokuwa begani kwangu ikakwaruza. "Del."

Niliangalia chini. Kando ya pikapu la zimamoto nilimwona Royce, mdogo sana, ameibana redio katikati ya mikono yake ya bendeji, kidole kimoja juu ya kitufe. Kofia ameivua. Uso wake ulikuwa umeinuka, ukiniangalia mimi.

"Nakusikia," nikajibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umechora?"

"Sijachora."

Lonnie alikuwa anakusanya vifaa, akitazama wingu, akinifanyia ishara tushuke.

"Umevuta?"

"Nimevuta. Zote."

Nilimwona anabadilisha kidole kwenye kitufe, pengine kile cha kwanza kilikuwa kimezidi kuuma.

"Vuta tena, dada," alisema.

Nikavuta tena.